Kabla hujamwachisha mtoto mayai na maziwa: aleji ya chakula inavyopimwa

Wazazi wengi wanaoleta watoto kliniki kwangu hapa Mbeya huja na jibu tayari mkononi. Mmoja ana karatasi ya maabara yenye orodha ndefu ya vyakula na alama za kujumlisha pembeni. Mwingine, mtoto wake alishikishwa chuma cha mashine kwenye banda la mtaani, ikachapa kurasa kadhaa za kueleza hali ya kila kiungo. Kwa sababu ya karatasi hizo mtoto ameachishwa mayai, maziwa, karanga, samaki, na wakati mwingine hata maharage. Nikiuliza sasa anakula nini, naambiwa ugali na mboga za majani, ndizi za kuchemsha, uji mweupe.

Hapo moyo huniuma. Nyanda za Juu Kusini zinalisha nchi mahindi, mchele, viazi na maharage, lakini utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka 5 wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni kama asilimia 30. Mtoto wa huku anahitaji lile yai na kile kikombe cha maziwa. Kumnyima kwa sababu ya kipimo kilichosomwa vibaya ni kumdhuru, na ninaliona jambo hili mara nyingi mno kulinyamazia.

Vipimo vikuu viwili, cha ngozi na cha damu, vinatafuta kitu kimoja: kingamwili (protini za ulinzi wa mwili zilizomo kwenye damu) ziitwazo IgE. Dalili ya kwanza kwamba ndani ya damu kuna kitu cha namna hiyo ilionekana mwaka 1921 huko Breslau. Heinz Küstner alikuwa akila samaki anavimba na kuwashwa. Mwenzake Carl Prausnitz alikula samaki bila shida. Prausnitz akadungwa kwenye ngozi ya tumbo seramu ya Küstner, yaani maji ya damu yake, na kesho yake wakaweka maji ya samaki mahali palepale. Pakavimba. Leo hakuna anayeruhusiwa kujaribu hivyo, damu inabeba virusi vya ukimwi na homa ya ini, lakini jaribio lile ndilo lililofungua njia. IgE yenyewe ilikuja kutambuliwa miaka ya 1966 na 1967, Marekani na Sweden, ikapewa jina hilo 1968.

Sasa shika jambo hili: kuwa na IgE ya karanga mwilini si sawa na kuwa na aleji ya karanga. Watu wengi wanazo na wanatafuna karanga kila siku bila hata kuwashwa. Kipimo kinaonyesha kwamba mwili umekitambua chakula. Kama chakula hicho kinamdhuru mtu, hilo linajulikana kwa yale yanayompata anapokila. Ndiyo maana mimi nampima mtu baada ya kumsikiliza, na kumsikiliza huchukua muda mrefu kuliko kipimo.

Bibi mmoja wa Uyole alimleta mjukuu wake, akasema mtoto ana aleji ya uji wa lishe.

"Bibi, shikamoo. Huo unga una nini ndani?"

"Marahaba, mwanangu. Wa kawaida tu. Mahindi, ulezi, ngano kidogo, soya, karanga."

Hapo tayari kuna washukiwa watatu: ngano, soya na karanga. Nikauliza ilichukua muda gani. Akasema kabla bakuli halijaisha mdomo ulikuwa umevimba na mabaka yamejaa shingoni. Je, mtoto anakula chapati na maandazi? Anakula, wala hana tatizo. Ngano ikatoka. Soya je? Wiki iliyotangulia walichanganya unga usio na karanga, akanywa akalala vizuri. Kwa mazungumzo hayo tu nilikuwa nimebaki na chakula kimoja cha kupima. Aleji ya aina hii huja haraka, dakika chache hadi saa mbili, na hujirudia karibu kila mtu akila chakula kilekile. Upele uliotokea siku tatu baada ya kula yai una sababu nyingine, tafuta huko.

Kipimo cha ngozi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Naandika kwa kalamu kwenye kigasha, upande wa ndani: K ya karanga, Y ya yai. Pembeni ya kila herufi nadondosha tone la maji ya chakula hicho, kisha nagusisha ncha fupi ya chuma inayokwaruza ngozi ya juu tu, bila kutoa damu. Matone mawili huwa ya kulinganishia: moja la histamini, kemikali inayoleta uvimbe wa aleji, ambalo lazima livimbe, na moja la maji ya chumvi, ambalo halitakiwi kuvimba. Baada ya dakika 15 napima uvimbe kwa rula. Ukizidi ule wa maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi, kipimo ni chanya. Vitabu vingi vinasisitiza kutazama wekundu, lakini kwenye ngozi zetu wekundu hujificha, kwa hiyo mimi napitisha kidole taratibu na kumulika tochi kutoka ubavuni ili kivuli kionyeshe ukingo wa uvimbe.

Histamini isipovimba, kipimo kizima hakina maana. Mara nyingi chanzo ni dawa. Piriton na setirizini huzima uvimbe huo, na mzazi anaweza kuapa kwamba hajampa mtoto dawa ya aleji huku akimpa dawa ya maji ya mafua yenye kiambato kilekile. Acheni dawa hizo kama wiki moja kabla, kwa kuuliza daktari kwanza, na njooni na chupa zote zilizomo nyumbani nizisome.

Kuna vyakula ambavyo maji yake ya dukani hayaaminiki, hasa matunda. Hapo nachoma tunda bichi kwanza, kisha nagusa ngozi kwa ncha ileile. Wauguzi wa Rungwe wanaonisoma watanielewa nikisema ndizi na parachichi. Mtu aliyekula vitu hivyo tangu utotoni, ukubwani anaanza kuwashwa midomo na koo. Swali langu la kwanza ni kama anavaa glovu za mpira kazini. Protini za mpira wa glovu zinafanana na za ndizi na parachichi, kwa hiyo aleji inaweza kuanzia mikononi kazini ikaishia mezani. Mtu huyo lazima ajulikane kabla hajapelekwa chumba cha upasuaji.

Kipimo cha damu kinasaidia pale ambapo dawa haiwezi kusimamishwa, au ngozi imejaa pumu ya ngozi kiasi cha kukosa nafasi ya kuchoma. Maabara hutoa namba, na kwa kawaida kuanzia 0.35 wanaandika chanya. Namba kubwa inaongeza uwezekano wa aleji, lakini haikuambii mtoto ataumwa kiasi gani. Na kwetu kuna jambo la ziada: minyoo na kichocho hupandisha IgE. Utafiti wa watoto wa shule nchini Ghana uliochapishwa 2013 ulionyesha kuwa kichocho kinaendana na IgE ya karanga kwa watoto wanaokula karanga bila tatizo. Kwa hiyo orodha ya vyakula 30 iliyopimwa bila swali lolote itatoa alama za kujumlisha, na nyingi zitakuwa hazina maana.

Kuhusu karatasi zinazopima IgG, aina nyingine ya kingamwili, nasema wazi: msilipie. IgG ya chakula inaonyesha kwamba umekila, na vyama vya madaktari wa aleji vya Ulaya na Marekani vimekataa kuitumia kutafuta aleji. Mashine za kushika mkononi hazipimi aleji kabisa.

Kipimo chenye neno la mwisho ni kumlisha mtu chakula chenyewe mbele yetu. Tunaanza na kiasi kidogo sana, tunasubiri dakika 20 au 30, tunaongeza, mpaka afikie kiasi cha mlo wa kawaida, kisha anakaa nasi saa mbili zaidi. Adrenalini, sindano ya kumwokoa akibanwa pumzi, inakuwa mezani na dozi yake imeshaandikwa. Mtoto wa kilo 10 ni mililita 0.1 ya ile ya miligramu 1 kwa mililita, kwenye msuli wa paja. Nawaomba sana msifanye jaribio hili nyumbani kwa mtoto aliyewahi kuvimba au kubanwa pumzi.

Yako pia yanayofanana na aleji lakini vipimo hivi haviyaoni. Mtu mzima anayejaa gesi na kuharisha baada ya maziwa fresh mara nyingi amepungukiwa kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, na mtindi anaweza kuuvumilia. Vibua au jodari waliokaa bila barafu hujijengea histamini, wakawasha mezani watu watatu kwa mpigo. Kichanga anayetapika mfululizo saa mbili au tatu baada ya uji wa mchele, akalegea, huyo ngozi na damu yake vinaweza kuwa safi kabisa na bado mchele ndio unaomdhuru.

Kwa watoto wanaokula karanga bila shida, msiziondoe kwa hofu. Utafiti wa London uliochapishwa 2015, wenye watoto wachanga 640 waliokuwa kwenye hatari kubwa, ulionyesha kwamba waliopewa karanga mapema walipata aleji yake kidogo sana kuliko walionyimwa. Ziwe za kusaga tu, nzima humpalia mtoto mdogo.

Na aleji ikithibitika, haina maana ni ya maisha. Watoto wengi huachana na ile ya maziwa na ya mayai wanapokua. Ya karanga, kama mmoja kati ya watano. Ninapomkataza mtoto chakula, naandika kwenye kadi yake tutampa nini badala yake, na mwezi wa kurudi kupimwa tena.