Je, wajua kwanini ukuta wa tofali unachemka saa tatu usiku wakati jua lilishazama zamani?

Kama unakaa Dar, Tanga au Mombasa na chumba chako kina ukuta unaotazama magharibi, leo ikifika saa tatu usiku weka kiganja kwenye huo ukuta. Utakuta una joto kama mgongo wa mtoto mwenye homa, na nje hapo watu wamekaa barazani wanapunga upepo. Sasa hilo joto limetoka wapi?

Limetoka kwa jua lilelile la saa kumi jioni, ila lilikuwa bado njiani. Tofali la simenti ni zito, linabeba joto jingi na halina haraka ya kulitoa, kwahiyo jua likipiga nje joto linatambaa ndani ya tofali polepole, na kwa ukuta wa inchi sita linachukua kama masaa manne matano mpaka litokee upande wa kitandani. Piga hesabu mwenyewe, saa kumi jumlisha masaa matano, ndo unatandika shuka.

Hapa ndo ule ubishi wa saiti unapoingia, tulaze tofali au tusimamishe? Mwaka juzi mshikaji wangu anajenga Kibaha, fundi akamwambia "bosi laza, ukuta ukiwa mnene nyumba inakuwa baridi". Tofali la inchi sita ukilisimamisha ukuta una inchi sita, ukililaza unakuwa na inchi tisa, na kwenye ukuta ule ule ulioingia tofali 1,000 za kusimamisha utatumia kama 1,500 za kulaza. Yaani pesa ya tofali 500 zaidi, halafu unachopata ni nini? Joto bado linakuja, ila limechelewa kidogo, badala ya saa tatu linakufikia saa tano ukiwa umeshalala. Mi naona hiyo ni kulipia jasho.

Lakini mbona nyumba za Mji Mkongwe Zanzibar zina kuta nene na ndani kuna ubaridi? Swali zuri, na wengi hapa ndo wanapotea. Zile kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zina nusu mita na zaidi, joto la mchana likiwa halijafika hata katikati usiku umeshaingia linaanza kurudi lilikotoka. Pia angalia vichochoro vyake, nyumba zimebanana, ukuta mwingi hauoni jua kabisa, na juu dari ziko mbali. Hiyo inchi tisa yako iliyosimama peke yake kwenye kiwanja cheupe haina undugu na Mji Mkongwe.

Swali la kujiuliza kabla hujaagiza tofali ni moja tu, kwako usiku kunapoa? Dodoma kunapoa, na Wagogo walishalijua hilo kitambo, tembe lao lina kuta za udongo na paa bapa la udongo, mchana linakunywa joto na usiku kukiwa na baridi linakurudishia taratibu. Huko ukuta mzito ni rafiki, tofali za kuchoma au zile za udongo wa kushindilia za kufungamana zinafaa sana. Njombe na Makete ambako sakitu (umande ulioganda) inaanguka shida inageuka, unatafuta kuzuia joto la ndani lisitoke. Ila pwani mwezi wa pili mchana ni nyuzi 32 hivi na usiku 25 na unyevu juu yake, ukuta haupati muda wa kupoa, kwahiyo unachotaka ni ukuta usiopata jua kabisa.

Na hilo linawezekana kirahisi kuliko watu wanavyodhani. Dar jua la saa sita liko juu mwaka mzima, kuta za kaskazini na kusini zinakingwa na upenu wa kawaida tu. Wachawi ni mashariki na magharibi, jua linakuja chini chini na upenu hauligusi. Ramani ikiruhusu geuza nyumba, ule urefu utazame kaskazini na kusini, huko magharibi weka choo, stoo, jiko, chochote ambacho hakilaliwi.

Halafu kuna bati, na kusema kweli hapa ndo pesa ingeenda kwanza kabla hata ya kubishana ukuta. Bati la rangi nzito juani linaweza kupita nyuzi 60, na hilo joto linamwagika kwenye siling bodi na kwako. Lile povu jeupe gumu linalokuja na TV mpya linazuia joto mara thelathini na zaidi kuliko zege, sentimita tano zake zikikaa juu ya siling zinashinda ukuta wa zege wa mita moja na nusu. Kama hela haitoshi tandika foili chini ya bati, upande unaong'aa utazame uwazi wa hewa sio ugande kwenye kitu, na acha matundu kwenye pembe za paa hewa ya moto itoke. Rangi nyeupe nje nayo inasaidia, na ni bei ya ndoo chache.

Yule wa Kibaha mwishowe alisimamisha. Zile tofali zilizobaki akajengea kibaraza chenye paa upande wa magharibi, chenji ikaenda kwenye siling. Fundi mpaka leo akipita pale anasema ukuta mwembamba ule, halafu anakaa kibarazani kunywa maji.