Je, wajua kwa nini opereta wa eskaveta hulipwa zaidi porini kuliko San Francisco?

Kwenye kona ya kaskazini-mashariki ya California kuna kaunti inayoitwa Modoc. Inapakana na Oregon na Nevada, na wakazi wake wote hawafiki 9,000. Kodi ya nyumba ya huko hata huwezi kuitaja pamoja na ya San Francisco. Lakini ukifungua viwango vya chama cha waendesha mitambo kinachosimamia kaskazini yote ya California, yaani Local 3 ya International Union of Operating Engineers, unakuta opereta wa eskaveta, greda au buldoza akiwa Modoc anapata takriban dola 2 zaidi kwa saa kuliko mwenzake wa San Francisco.

Mbona kinyume? Tumezoea kudhani kwamba mshahara hupanda kwa sababu maisha yamepanda: mjini kodi ni kali, basi mwajiri anaongeza. Kwa kazi ya mitambo mizito, dhana hiyo ina ukweli kidogo tu. Mwajiri hanunui unga wa opereta. Ananunua saa za mtu anayeweza kuchimba mtaro kando ya bomba la gesi bila kuligusa. Bei ya saa hizo inategemea watu wa aina hiyo ni wangapi hapo karibu, na nani anawasemea mezani. Modoc hawatoshi, inabidi watolewe mbali na walale ugenini. Dola 2 hizo ni bei ya kumtoa mtu kwake.

Pengo linakuwa kubwa zaidi ukilinganisha majimbo. Ofisi ya serikali ya Marekani inayopima uchumi, Bureau of Economic Analysis, hulinganisha bei za kila jimbo kwa kuhesabu wastani wa nchi nzima kuwa 100. California iko juu ya 110, Mississippi chini ya 90, na eneo la San Francisco peke yake linakaribia 120. Kwa hiyo matumizi yaleyale ni ghali San Francisco kuliko Mississippi kwa theluthi moja na kitu. Lakini mshahara? Opereta mwenye kadi ya chama San Francisco anapita dola 50 kwa saa, kabla hujahesabu bima ya afya na pensheni. Mississippi wengi wako kwenye 20 na ushee. Pengo la zaidi ya mara mbili halielezwi na bei ya mkate.

Linaelezwa na chama, na sheria moja ya zamani. Chama cha waendesha mitambo kilianzia Chicago mwaka 1896, na nguvu yake haijaenea sawasawa: California kina mizizi, Mississippi ni dhaifu. Sheria yenyewe inaitwa Davis-Bacon, ya mwaka 1931. Robert Bacon, mbunge kutoka New York, alichukizwa na mkandarasi wa Alabama aliyepewa kazi ya kujenga hospitali ya maveterani jimboni kwa Bacon, Long Island, akaja na vibarua wake kutoka kusini, wengi wao Weusi, kwa ujira wa chini. Wapo wanaosema sheria hiyo ilizaliwa na ubaguzi wa rangi pamoja na kutetea ujira, na maneno ya baadhi ya wabunge kwenye mjadala ule yanawaunga mkono. Kwa vyovyote, sheria ingali hai: kazi ya ujenzi ya serikali kuu inayozidi dola 2,000 lazima ilipwe kwa kiwango kinacholipwa eneo lile.

Na kiwango hicho kinapatikanaje? Wizara ya Kazi hukusanya taarifa za malipo kaunti kwa kaunti. Tangu Oktoba 2023, ikikosekana ujira mmoja unaolipwa walio wengi, ule unaolipwa angalau asilimia 30 ya wafanyakazi wa fani hiyo ndio unaopita. Hapo chama kina faida kubwa, maana wanachama wake hulipwa sawasawa hadi senti, wakati wasio na chama kila mmoja ana makubaliano yake. Usipopatikana hata huo, wanachukua wastani. Katika hesabu yote hiyo, hakuna anayeuliza kodi ya nyumba ni kiasi gani.

Ujira huo pia hufuata mahali mtambo uliposimama. Mahali opereta anapolala hapaingii. Ndiyo maana alfajiri barabara inayovuka Altamont Pass hujaa magari ya mafundi wanaotoka miji ya bondeni ya Stockton na Tracy kwenda kufanya kazi karibu na San Francisco: mshahara wa jijini, kodi ya bondeni. Wanalipa tofauti hiyo kwa usingizi.

Wakati mwingine ni mshahara unaopandisha gharama. Williston, North Dakota, ulikuwa mji wa watu wasiofika 15,000 mwaka 2010. Mafuta ya eneo la Bakken lililo huko yakavuta maelfu ya madereva na waendesha mitambo, nyumba zikaisha, na kufikia 2014 chumba kimoja na sebule kilipangishwa kwa zaidi ya dola 2,300 kwa mwezi, kuliko New York. Bei ya mafuta ilipoporomoka, kodi nazo zikashuka. Waliofaidi kweli ni waliolala kambini bure na kutuma pesa nyumbani.

Kwetu hesabu imepangwa vingine. Kenya, amri ya kima cha chini huigawa nchi katika maeneo matatu, Nairobi na miji mikubwa ikiwa juu, na Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba au fedha za kutosha za kodi. Hapo gharama ya maisha imeandikwa waziwazi. Tanzania kima cha chini hupangwa kwa sekta, kwa hiyo kinachomlinda kibarua wa ujenzi Dar es Salaam ndicho kinachomlinda wa Katavi, japo kodi zao hazifanani. Opereta mzoefu wa greda, jambo hilo halimsumbui sana, kwa sababu yeye hajadili kima cha chini. Akipigiwa simu aende kwenye mradi wa barabara mkoani, anauliza kama kambi ina malazi na chakula, na posho ni kiasi gani.