Gemu za konsoli kwenye kompyuta: yanayosemwa vibandani Tanga na yalivyo

Pita kwenye vibanda vya gemu vya Ngamiani jioni yoyote, au vya Makorora na Mikanjuni, utakuta ubishi ule ule huku watu wakisubiri zamu: gemu ya PlayStation ibaki PlayStation, au iachiwe na mwenye kompyuta naye acheze? Ubishi mtamu, ila nusu ya hoja zake zinaelea hewani. Mimi niko upande wa kuachia, na nasema mapema ili msomaji ajue anasoma maneno ya mtu mwenye upande. Lakini upande wangu nao una waongo wake, na nitawagusa.

"Konsoli ni mashine nyingine kabisa, kompyuta haiiwezi"

Zamani ilikuwa kweli. PlayStation 2 ya mwaka 2000 ilikuwa na prosesa, yaani ubongo wa mashine, iliyobuniwa kwa ajili yake peke yake. PlayStation 3 ya 2006 ikaja na ile iitwayo Cell, iliyowatoa jasho hata watengenezaji gemu wenyewe. Gemu iliyoandikwa kwa Cell haikuwa na njia ya mkato ya kufika kwenye Windows.

Mwaka 2013 mambo yakageuka. PlayStation 4 na Xbox One zote mbili zilitoka na prosesa za kampuni ya AMD za ukoo wa x86, ukoo ule ule wa kompyuta za kawaida. PlayStation 5 na Xbox Series X, zilizotoka Novemba 2020, zikaendelea hapo hapo: prosesa ya AMD, grafiki za AMD, memori ya GB 16. Mfungulie PS5 fundi wa kompyuta, hatakuta kigeni cha kumtisha. Switch ya Nintendo ndiyo iliyokwenda njia yake, kwa kuwa chipu yake ni ya aina inayotumika kwenye simu.

Mbona basi ukitumbukiza CD ya PS4 kwenye laptop hupati kitu? Kwanza, laptop nyingi zina sehemu ya DVD tu au hazina kabisa, na CD ile ni ya Blu-ray. Hata ukiipata inayosoma Blu-ray, mafaili yaliyomo yamefungwa, na ufunguo uko ndani ya konsoli. Zaidi ya hapo, gemu ikiamka inaomba huduma kwa mfumo wa Sony, wenye PlayStation, na Windows haina huduma hizo. Kinachokuzuia ni kufuli na biashara. Umbile la mashine halina kosa.

"Kama zinafanana, basi wasiozileta ni wavivu"

Hapa ndipo upande wangu unapodanganya. Anayetengeneza gemu ya PS5 anajua kila PS5 duniani ina chipu ile ile. Anayetengeneza ya kompyuta hajui lolote: huyu ana kadi ya Nvidia ya miaka kumi iliyopita, yule ana AMD mpya, mwingine hana kadi kabisa, ana grafiki ndogo ya Intel iliyobebwa ndani ya prosesa.

Chukua kitu kimoja tu kiitwacho sheda. Hivi ni vijiprogramu vinavyoiambia kadi ya grafiki ipake vipi kila kinachoonekana, iwe mwanga juu ya maji, kivuli cha mti au jasho usoni. Kwenye konsoli sheda zinakuja zimeshaandaliwa, maana chipu inajulikana. Kwenye kompyuta lazima ziandaliwe kwa kadi uliyonayo wewe. Ndiyo maana gemu kubwa ukiifungua mara ya kwanza inakuonesha mstari unaojaa polepole. Na mtengenezaji akiiruka hatua hiyo, unalipa ukiwa ndani: umekata kona, picha imeganda, adui mpya ametokea, imeganda tena. Wengi husingizia intaneti, kumbe gemu inachezwa bila intaneti.

The Last of Us Part I ilipofika kwenye kompyuta Machi 2023 ilikuwa kichekesho cha aina hiyo. Watu walikaa wakitazama mstari wa sheda kwa muda mrefu, na baadhi mashine ziliwazimikia kabla hawajafika. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hukurudishia fedha ndani ya siku 14 endapo hujacheza zaidi ya saa mbili, na saa hizo zilikuwa zinahesabiwa mtu akiwa bado anasubiri sheda. Kabla yake, Juni 2015, Batman: Arkham Knight ya kompyuta ilitoka mbovu kiasi kwamba mchapishaji aliiondoa sokoni siku chache tu baada ya kutoka, ikarudi Oktoba.

Kazi hiyo ina wenyewe. Sony ilinunua kampuni ya Kiholanzi iitwayo Nixxes mwaka 2021 kwa sababu hiyo hasa, na gemu walizozishika, kama Spider-Man ya 2022 na Ghost of Tsushima ya 2024, zilitua vizuri. Kwa hiyo sawa, tudai gemu ziletwe, lakini tudai zikiwa zimeiva.

"FIFA ya kompyuta na FIFA ya PS5 ni moja"

Vibandani mpira ndiyo dini, na hili wachache wanalijua. FIFA 21 na FIFA 22 za kompyuta hazikuwa zile za PS5. Zilikuwa za kizazi cha PS4, hata kama kompyuta yako ingeweza kuizidi PS5 nguvu. Usawa ulikuja na FIFA 23, mwaka 2022. Maelezo ya EA, kampuni iliyozitengeneza, yalikuwa kwamba wachezaji wengi wa kompyuta hawakuwa na mashine za kubeba toleo jipya. Kwa laptop ninazoziona mitaani kwetu, siwezi kusema walikuwa wanasingizia, ila mwenye mashine nzito alinyimwa haki yake.

PES, gemu ya mpira ya kampuni ya Konami ya Japani, ndiyo iliyoonesha raha ya kompyuta. Mafaili yake yalifunguka, mtu mwenye subira akabadilisha jezi, viwanja, hata ubao wa magoli. Ndiyo sababu hadi leo kuna watu hawaiachi PES 2017. Ipo siku Wagosi wa Kaya, Coastal Union yetu, watacheza uwanja wa Mkwakwani ndani ya gemu, na nina hakika atakayeifanya kazi hiyo atakuwa kijana wa hapa hapa mwenye kompyuta, hatatoka ofisi yoyote ya Japani.

"Kompyuta ni nafuu kuliko konsoli"

Inategemea unaita nini kompyuta. Laptop za mtumba zinauzwa kwa stika. Muuzaji anakuonesha ile ya Core i5 na kukwambia, "Kaka, hii i5, inabeba kila kitu." Stika haisemi kizazi. i5 ya mwaka 2012 na i5 ya mwaka 2022 zinashirikiana jina tu. Na kwa gemu, prosesa siyo habari kubwa, grafiki ndiyo habari.

Kabla hujatoa hela, omba uiwashe. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika dxdiag, gonga Enter. Ukurasa wa kwanza utakuonesha prosesa kamili na memori. Nenda kwenye ukurasa wa skrini, usome jina la grafiki. Ukikuta Intel HD peke yake, jua umepata mashine ya ofisi: PES ya zamani itacheza, GTA V ya 2015 itajikongoja ukishusha kila kitu chini kabisa, na Red Dead Redemption 2 isahau. Hiyo ya mwisho inataka memori ya GB 8 na kadi ya grafiki ya kujitegemea kwa uchache, tena nafasi ya GB 150 kwenye diski. Sasa piga hesabu ya bando la GB 150, ndipo uje tuzungumze unafuu.

Konsoli haikuulizi maswali hayo. Mwenye kibanda anataka chombo kinachowaka, pedi mbili na TV, watu wanne wabadilishane mpaka usiku. Kwake kompyuta ni usumbufu: mara Windows inataka kujisasisha, mara mtoto amefungua kisichohusika. Simlaumu. Kinachomuumiza ni upepo wa bahari na vumbi. Ndani ya konsoli iliyokaa karibu na pwani utaona feni imevaa vumbi zito na skrubu zimeota kutu, na PS3 nyingi zimebakiza pumzi kwa kuwekewa feni ya mezani nyuma. Ikifa, fundi anatafuta nyingine mbovu aing'oe vipuri. Na gemu zilizokuwa humo, nyingi hazina njia nyingine rasmi ya kuchezwa.

Hiyo ndiyo hoja yangu kubwa kuliko bei. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya gemu, Video Game History Foundation, ilichunguza gemu za kale zilizotoka nchini humo na kukuta asilimia 87 hazipatikani tena madukani. Machi mwaka huo huo Nintendo ilifunga maduka ya mtandaoni ya konsoli zake za zamani, 3DS na Wii U. Gemu iliyofungwa ndani ya konsoli moja huzikwa nayo. Iliyofika kwenye kompyuta hupata maisha ya pili, maana kompyuta hubadilika kidogo kidogo, na mpya bado inakumbuka mengi ya ile ya zamani.

"Gemu zikihamia kompyuta, konsoli zimekufa"

Tazama gemu za PlayStation: Horizon Zero Dawn ya 2017 ilifika kwenye kompyuta 2020. God of War ya 2018 ilifika Januari 2022. Baada ya hayo, Desemba 2023, Sony ikatangaza kuwa PS5 imeshauzwa zaidi ya milioni 50. Nintendo, isiyopeleka gemu zake kwenye kompyuta hata moja kati ya zile kubwa, imeuza Switch zaidi ya milioni 150. Microsoft yeye huziachia zake siku moja kwenye Xbox na kwenye kompyuta, na Xbox inasuasua. Wapo wanaoifanya hiyo kuwa ushahidi. Kwa maoni yangu Xbox ilianza kuachwa nyuma tangu 2013, kabla ya sera hiyo, kwa hiyo kisa hiki kimoja hakimalizi kesi.

Sababu halisi ya kubania iko kwenye makato. Mwenye duka la konsoli hukata takriban asilimia 30 ya kila gemu inayouzwa humo. Sony ikiuza gemu yake Steam, anayekata ni Steam. Hapo ndipo panapouma, na ndiyo maana mtu wa kompyuta huwekwa asubiri mwaka, miaka miwili au zaidi.

"Emuleta ni wizi"

Emuleta ni programu inayoigiza konsoli ndani ya kompyuta au simu. Vijana wengi hapa wanaijua kupitia PPSSPP, wanayochezea gemu za PSP, konsoli ya mkononi ya Sony, kwenye simu. Kuitengeneza si wizi kwa yenyewe. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa Marekani ilikataa hoja ya Sony dhidi ya Connectix, kampuni iliyoigiza PlayStation ya kwanza kwenye kompyuta za Mac. Lakini usichukulie hukumu hiyo kama leseni. Waliotengeneza Yuzu, emuleta ya Switch, walishtakiwa na Nintendo Februari 2024, na mwezi uliofuata wakakubali kulipa dola milioni 2.4 na kufunga kazi. Ugomvi ulihusu kuvunja kufuli za gemu. Na gemu yenyewe unayoijaza kwenye flashi kutoka kwa rafiki ni nakala, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda muziki.

"Bila pedi huwezi"

Chomeka ya Xbox kwa waya, Windows inaitambua. Ya PS4 inafanya kazi kupitia Steam. Tuendelee.

"Ukinunua ya kompyuta, hakuna wa kukuzuia"

Helldivers 2 ilitoka Februari 2024 siku moja kwenye PS5 na kwenye kompyuta, jambo ambalo upande wangu ulilishangilia. Mwanzoni mwa Mei Sony ikatangaza kuwa wachezaji wa kompyuta nao lazima wafungue akaunti ya PSN, mtandao wa PlayStation. Huduma hiyo haitolewi rasmi katika nchi nyingi, Tanzania ikiwamo, na gemu ikaondolewa Steam katika nchi zaidi ya 170. Wachezaji wakaja juu, maoni mabaya yakapita laki mbili, na ndani ya siku chache Sony ikarudi nyuma kuhusu akaunti. Ila kuirudisha gemu madukani kwenye nchi zile ilikuwa hadithi nyingine. Mwezi huo huo Ghost of Tsushima nayo haikuuzwa huko, ingawa akaunti ilihitajika tu kwa kucheza na wenzako mtandaoni. Januari 2025 Sony ililegeza, ikaifanya akaunti kuwa ya hiari kwa baadhi ya gemu, zikiwamo Spider-Man 2 na God of War Ragnarök.

Kwenye konsoli vijana wetu wamezoea kujiandikisha kama wakazi wa Marekani au Afrika Kusini, na wengi hawajaguswa, ijapokuwa masharti yanataka useme ukweli wa ulipo. Kwenye kompyuta mchezo huo unakwama mapema, kwa sababu duka linatazama nchi ya kadi yako. Kwa hiyo kabla hujajaza hela kwenye kadi ya mtandaoni ya simu yako, fungua ukurasa wa gemu ukiwa umeingia kwa akaunti yako ya Tanzania, shuka mpaka upande wa kulia, utafute mstari unaosema inahitaji akaunti ya kampuni nyingine. Ukiukuta, soma unahitaji kwa gemu nzima au kwa kucheza mtandaoni tu, ndipo uamue.