Kiongozi Mtumishi Si Kiongozi Mlegevu
Wengi hudhani kwamba kiongozi mtumishi ni bosi mpole anayekubali kila ombi. Robert Greenleaf, Mmarekani aliyefanya kazi miaka mingi katika kampuni ya simu ya AT&T kabla ya kuandika juu ya uongozi huu mwaka 1970, aliweka kipimo kigumu zaidi: je, wanaohudumiwa wanakua, wakawa na hekima na uhuru zaidi? Kipimo hicho humlazimu meneja kumwambia karani, faraghani na kwa heshima, kwamba hesabu zake za mwezi zina kasoro, kisha akae naye wazipitie mstari kwa mstari. Kumnyamazia, kwa maoni yangu, ni kumtelekeza. Wala furaha kazini, ambayo kiongozi wa aina hii huijali pia, haijengwi kwa keki na sherehe, bali kwa kuwalinda watu wakati mgumu: baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 nchini Marekani, shirika la ndege la huko liitwalo Southwest halikupunguza wafanyakazi, ilhali washindani wake wakubwa waliwaachisha kazi maelfu.