Korosho, mikataba ya biashara na haki za kibarua

Msimu wa korosho ukifunguliwa Mtwara, mabishano ya bei hayachelewi kugeuka kuwa mabishano ya nani anatuamulia mambo. Hapo ndipo haya husikika kuhusu masharti ya kazi yanayowekwa kwenye mikataba ya biashara.

"Wakubwa wakitaka, sheria zetu za kazi zinabadilika."
Si rahisi hivyo. AGOA, mpango wa Marekani wa mwaka 2000 wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, inazitaka nchi zinazonufaika zilinde haki za wafanyakazi, ila adhabu yake kubwa ni kufukuzwa kwenye mpango. Swaziland, sasa Eswatini, ilitolewa mwaka 2015 na kurudishwa 2018. Serikali ndiyo iliyokosa, lakini viwanda vya nguo vilipofungwa waliokosa mshahara ni washonaji.

"Masharti hayo ni hila ya kulinda viwanda vyao."
Nusu kweli, na nusu hiyo isifichwe. Mexico ilirekebisha sheria ya kazi mwaka 2019, mazungumzo ya mkataba wa biashara na Marekani na Kanada yakiisukuma. Utaratibu wa malalamiko ya haraka uliotokana na mazungumzo hayo unachungulia karibu viwanda vya Mexico pekee. Hata hivyo, wafanyakazi wa kiwanda cha magari cha General Motors kule Silao, Mexico, waliutumia: mwaka 2021 waliukataa kwa kura mkataba wa kazi wa chama cha zamani cha wafanyakazi, 2022 wakachagua chama kipya, kisha wakapata nyongeza ya mshahara. Hila au si hila, kura walipiga wenyewe.

"Korosho yetu inauzwa nje, basi na kibarua wa ghalani analindwa."
Hapana. Korosho ghafi nyingi huenda India na Vietnam, na mnunuzi mnadani huuliza ubora na unyevu, si malipo ya mbeba magunia. Vietnam ndiyo iliyobadilisha sheria yake ya kazi mwaka 2019 ilipokuwa ikisaka mkataba na Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo mbanguaji wa kule alitajwa mezani. Wa Newala au Nachingwea hakutajwa.

"Basi kibarua hana pa kwenda."
Anapo: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kulalamika. Madai mengine, kama ujira usiolipwa, siku 60. Tatizo liko kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: kinga ya kuachishwa isivyo halali haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita, na msimu wetu haufiki huko. Kifungu hicho hakikuandikwa Washington wala Brussels.