Je, wajua kwa nini kima punju hula makaa?

Kwenye mashamba yanayopakana na msitu wa Jozani, Unguja, kuna kima mwenye mgongo mwekundu ambaye huteremka mtini, akaokota kipande cha makaa penye tanuri la zamani au kisiki kilichoungua, kisha akakaa kitako akikitafuna taratibu. Huyo ndiye kima punju. Makaa kwake ni dawa.

Kisa kinaanzia kwenye mkungu, ule mti wa matawi yaliyotandaa ghorofa kwa ghorofa, ambao karibu kila mtu wa pwani amewahi kupumzika kivulini mwake. Maua yake ni madogo, meupe, yamepangana kwenye kijiti chembamba, na wengi wetu hatuyatazami mara mbili. Tunachokijua ni kungu lenyewe, unaligonga kwa jiwe upate kiini. Kima punju anataka majani machanga, ya mkungu na ya mwembe pia, kwa kuwa yana protini nyingi. Tatizo ni kwamba majani hayo yamejaa fenoli, kemikali ambazo mti hujikingia dhidi ya walaji. Zikizidi tumboni humdhuru mlaji na kuzuia chakula kusagika vizuri.

Hapo ndipo makaa yanapofanya kazi. Kipande cha makaa kina vitundu vidogo visivyohesabika, na fenoli hunasa humo. Watafiti walioyachunguza maabara katika miaka ya 1990 waliona kuwa makaa hunasa fenoli nyingi kuliko protini. Sumu inatoka, lishe inabaki. Inadhaniwa watoto hujifunza kwa mama zao, na mimi naiona ni elimu ya ajabu kabisa.

Lakini tazama mkungu na kima punju walivyo tofauti. Kungu huelea baharini likaota ufukwe wa mbali, na mkungu umeenea pwani za joto duniani. Kima punju asili yake ni Zanzibar tu. Sensa iliyotangazwa mwaka 2019 ilikadiria kuwa wamebaki wapatao 5,800, huku misitu ikikatwa, na wengine wakigongwa na magari barabara ya Jozani, hadi yakawekwa matuta. Ukipita hapo, punguza mwendo: huenda mama anavuka na mwanawe aliyemng'ang'ania tumboni, wanafuata mikungu ya upande wa pili.