Sambamba ni mistari isiyokutana

Juzi kijana mmoja tunayefanya naye kazi alinijia uso umemchanua. Majaribio ya mfumo wao, anasema, sasa "yanakwenda sambamba", maana wameweka pytest-asyncio, nyongeza ya pytest, kifaa cha kuendeshea majaribio ya programu zilizoandikwa kwa lugha ya Python. Nikamuuliza yanachukua muda gani. "Dakika 11, kaka." Na kabla ya hapo? Akanyamaza kidogo. "Kumi na moja."

Mimi ndiye ninayetunza kiunzi cha majaribio kinachotumiwa na timu zetu zote, kwa hiyo neno likipindishwa huko, kwangu linarudi likiwa malalamiko. Ngoja niliseme mara moja.

Majaribio sambamba ni majaribio ya programu yanayotekelezwa kwa wakati mmoja na michakato tofauti ya kompyuta, kila mchakato na kumbukumbu yake. Kwa wanaotumia Python kazi hii kwa kawaida hufanywa na plagini ya pytest-xdist: unaandika `pytest -n 4`, msimamizi anawasha vibarua wanne, yaani michakato minne, anawagawia majaribio, anakusanya majibu. Maana ndiyo hiyo tu. Tatizo liko kwenye neno lenyewe.

Waandishi wa habari wamelichosha. "Sambamba na hilo, Mheshimiwa alizindua kisima." Kisima kimezinduliwa Alhamisi, hotuba ilikuwa Jumatatu, kijiji kingine kabisa, lakini ni sambamba. Limekuwa "vilevile" iliyovaa suti. Aliyelitunza ni mwalimu wa hisabati. Yeye alichora mistari miwili ubaoni akasema hii ni sambamba, akaongeza sharti ambalo wengi tulilikariri bila kulifikiria: haikutani, hata ukiirefusha vipi. Kwa hiyo neno lina mambo mawili ndani yake. La kwanza ni kwenda bega kwa bega. La pili ni kutogusana. Wanaolitumia vibaya hukosa moja kati ya hayo, na bahati mbaya wapo wanaokosa yote mawili.

Tuanze na bega kwa bega. Fundi cherehani mmoja anaweza kuwa na nguo tano mkononi: gauni linasubiri vifungo, suruali inasubiri mteja aje kupimwa tena, shati liko kwenye sindano. Zote ziko njiani, lakini mguu ulio kwenye pedali ni mmoja. Huko ni kufanya kazi kwa kupokezana, na ndivyo asyncio, maktaba ya Python, inavyofanya: programu ikiwa inangoja jibu la mtandao, inashika jambo jingine. Ni ujuzi mzuri, wala siudharau. Ila pytest-asyncio haichanganyi hata majaribio yenyewe. Inakuwezesha kuandika jaribio lenye kungoja ndani yake. Majaribio yanabaki kufuatana, la pili likianza la kwanza likiisha. Dakika 11 zitabaki 11.

Mafundi watano, vyerehani vitano: hapo ndipo tunasema sambamba. Wapo wanaoniuliza kwa nini tusitumie nyuzi (njia kadhaa za utekelezaji zinazoshiriki kumbukumbu moja) ndani ya mchakato mmoja badala ya kuwasha michakato mingi. Kwa sababu Python ya kawaida ina kufuli linaloruhusu uzi mmoja tu kutekeleza msimbo wake kwa wakati mmoja. Toleo la 3.13, la Oktoba 2024, lilileta kwa majaribio Python isiyo na kufuli hilo, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Sasa kutogusana, ambako ndiko usingizi wangu unakopotelea. Kulikuwa na jaribio linalosajili wateja 3 kisha linahesabu jedwali, lazima wawe 3. Kwenye kompyuta ya mwandishi wake lilipita kila siku. Kwenye seva yenye viini 16 (sehemu za prosesa zinazoweza kufanya kazi kwa wakati mmoja), kila kiini na kibarua wake, likapata 3 asubuhi, 5 mchana, 4 jioni. Ujumbe nilioupata: xdist ni mbovu, izime. Xdist haikuwa na kosa lolote. Vibarua 16 walikuwa wanaandika kwenye hifadhidata moja, na kila mmoja alihesabu wateja wake pamoja na wa jirani. Mafundi watano, mkasi mmoja. Mistari ilikuwa inakutana, na mwalimu wa hisabati angekata alama.

Dawa yake ni fupi. Xdist humpa kila kibarua jina, gw0, gw1 na kuendelea (hizo herufi zinatokana na neno la Kiingereza la "lango", urithi wa execnet, maktaba inayowawasha), na jaribio linaweza kulisoma jina hilo kupitia `worker_id`. Liunganishe na jina la hifadhidata upate `duka_gw0`, `duka_gw1`, kila mtu na mkasi wake. Na hapo hapo kuna mtego: fikscha (kipande cha msimbo kinachoandaa mahitaji ya majaribio) yenye `scope="session"` watu huisoma kama "mara moja tu". Chini ya xdist ni mara moja kwa kila kibarua. Ukiwa na vibarua 16, ile hatua yako ya kufuta majedwali yote "mwanzoni" inatokea mara 16, nyingine wakati mwenzako ameshaanza kuhesabu. Kama kweli unataka jambo lifanyike mara moja kwa wote, inabidi walindane kwa faili la kufuli: wa kwanza afanye, wengine wasubiri wakute tayari.

Yule kijana sikumcheka. Nilimwambia mfumo wao unangoja mtandao kwa kupokezana, na hilo ni jambo la kujivunia, lilipe jina lake. Wakitaka sambamba waweke xdist na `-n auto`, inayowasha vibarua kulingana na idadi ya viini, lakini kwanza wahesabu hifadhidata wanazo ngapi. Akaenda kuangalia. Ipo moja.